Sekunde moja ina mita ngapi?

Ilikuwa kama saa tatu usiku, nyumbani kwa dada yangu kule Mtongwe, Likoni. Mtoto wake wa miezi minane alikuwa anakohoa siku ya pili. Mwili haukuwa moto sana, kwa hivyo mimi nilishatoa hukumu yangu: ni mafua tu, tulale, asubuhi tutaona. Dada hakuridhika. Akanituma nikamwite jirani, mama mmoja ambaye ni mhudumu wa afya ya jamii.

Alikuja na kanga yake mabegani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Na wewe mpakate hivyo hivyo, usimsumbue,” akamwambia dada. Akapandisha fulana ya mtoto mpaka kifua kikaonekana, akatoa simu yake ya kabambe, akafungua saa ya kuhesabu sekunde. Kisha akanigeukia. “Zima hiyo TV. Na usinisemeshe mpaka nimalize.”

Basi tukakaa kimya. Macho yake yalikuwa kwenye kile kifua kidogo kinachopanda na kushuka, midomo inahesabu bila sauti. Sekunde 60. Sijawahi kuona dakika ndefu namna ile. Nilitamani kumwambia, “Mama, si uhesabu sekunde 15 tu kisha uzidishe kwa nne?” Lakini nilishakatazwa kusema.

Alipata ngapi, nitakwambia mwisho. Kilichonikaa kichwani siku zilizofuata ni kile kipimo chenyewe. Sekunde! Kitu tunachokitaja kila saa bila kukifikiria. “Nipe sekunde moja.” “Nimekosa feri kwa sekunde tu.” Kumbe kuna mtu anaweza kukaa nazo 60, akazihesabu kwa simu ya bei rahisi, akaamua jambo la uhai na kifo.

Nikaanza kudadisi. Sekunde ni nini? Nani aliipima? Na kwa kuwa haionekani wala haishikiki, nikatafuta njia ya kuiona kwa macho ya mtu wa huku kwetu. Njia niliyoipata ni swali moja: ndani ya sekunde moja, kitu kinaweza kwenda mita ngapi? Twende pamoja, taratibu kwanza, kisha tuongeze kasi.

Hatua mbili za mguu

Mtu mzima anayetembea kawaida, tuseme anashuka ule mteremko wa kuelekea feri bila haraka, huenda karibu kilomita tano kwa saa. Igawanye: ni mita 1.4 kwa sekunde. Yaani hatua mbili hivi. Hiyo ndiyo sekunde yetu ya kwanza, hatua mbili.

Jina lenyewe limetoka mbali. Watu wa Babeli ya kale walihesabu kwa makundi ya sitini, na mazoea hayo yakaingia katika elimu ya nyota. Saa moja iligawanywa kwa 60, ukapata dakika. Dakika nayo ikagawanywa tena kwa 60. Huo ulikuwa mgawo wa pili, na ndiyo maana kwa Kilatini ikaitwa *secunda*, yaani ya pili. Waarabu nao huiita *thania*, maana ni ile ile, ya pili. Mwanazuoni al-Biruni, karibu mwaka 1000, alikuwa tayari akipiga hesabu za mwezi mwandamo kwa saa, dakika na sekunde. Wakati huo hakukuwa na saa duniani iliyoweza kuonyesha sekunde. Ilikuwa namba ya kwenye karatasi tu.

Ukitaka kuiona sekunde nyumbani bila saa, chukua uzi na jiwe dogo. Funga jiwe, ning'iniza uzi kwenye fremu ya mlango, na hakikisha kutoka unapoufunga mpaka katikati ya jiwe ni sentimita 99. Vuta jiwe kidogo pembeni, liachie. Likitoka upande mmoja mpaka wa pili, hiyo ni sekunde moja. Likirudi, nyingine.

Saa za namna hiyo, zenye uzito unaobembea, zilianza Ulaya mwaka 1656 kwa kazi ya Mholanzi Christiaan Huygens. Lakini zilikuwa na siri. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika Kusini, karibu na ikweta. Kule ikaanza kuchelewa zaidi ya dakika mbili kila siku! Haikuwa mbovu. Karibu na ikweta nguvu inayovuta vitu chini ni ndogo kidogo, kwa hivyo uzito hubembea polepole. Cayenne iko karibu nyuzi 5 kaskazini ya ikweta. Mombasa iko nyuzi 4 kusini. Ungeileta saa ile Kisauni, ingekuchelewesha vivyo hivyo.

Mita nane, na sentimita nane

Tuongeze mwendo. Ferdinand Omanyala alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani, Septemba 2021, na kuweka rekodi ya Afrika, wastani wake ulikuwa zaidi ya mita 10 kwa kila sekunde. Ile sekunde yetu ya hatua mbili, kwake ni urefu wa basi.

Sasa mkumbuke Emmanuel Wanyonyi. Fainali ya mita 800, Olimpiki ya Paris, Agosti 10, 2024. Wanyonyi alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 41.19. Marco Arop wa Canada akamaliza kwa 1:41.20. Tofauti ni sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwa mwendo wa wastani wa mbio ile, karibu mita nane kwa sekunde, tofauti hiyo ni kama sentimita nane, upana wa kiganja chako. Mita 800 zote, dhahabu ikaamuliwa na kiganja.

Jicho la mwamuzi haliwezi kukata kesi kama hiyo. Kwenye mstari wa kumaliza kuna kamera inayopiga picha maelfu kila sekunde, na picha hizo ndizo zinazosomwa. Hata mwanzo wa mbio fupi una hesabu yake: ukiondoka kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kupita baada ya mlio, unahesabiwa umeiba. Kanuni inachukulia kwamba sikio, ubongo na mguu wa binadamu haviwezi kupokezana habari upesi hivyo.

Shika jambo hilo la ubongo na mguu. Tunalihitaji barabarani.

Mita 14 za bodaboda

Kikomo cha mwendo mijini Kenya ni kilomita 50 kwa saa. Kwa sekunde, ni karibu mita 14. Ukiongeza mpaka 80, kama wengi wanavyofanya wakiiona barabara ya Dongo Kundu iko wazi mbele yao, ni mita 22.

Tuseme uko kwenye boda barabara ya kwenda Malindi, pale Bamburi, mwendo ni 50 tu, halali kabisa. Mtoto anachomoka nyuma ya matatu iliyosimama. Jicho lako limeona. Ubongo unaelewa, unatoa amri, mguu na mkono vinatafuta breki. Kazi hiyo yote humchukua dereva wa kawaida, aliye macho, kama sekunde moja, moja na nusu. Wakati huo pikipiki haijapunguza chochote. Umeshakwenda mita 14 hadi 21, na breki ndiyo kwanza inaanza kushika!

Na kama ulikuwa unachungulia simu kuona nani amepiga? Sekunde tatu za kuchungulia ni mita 42. Mita 42 umeendesha ukiwa kipofu. Hakuna mtu angekubali kufumba macho kusudi na kuendesha umbali huo, lakini kwa simu tunafanya kila siku na tunajiona hodari.

Ndiyo maana waalimu wa udereva hufundisha kanuni ya sekunde mbili. Gari la mbele likipita nguzo ya stima, anza kuhesabu. Ukiifikia nguzo hiyo kabla ya sekunde mbili kutimia, umemkaribia mno, rudi nyuma. Mvua ikinyesha, fanya nne. Uzuri wa kanuni hii ni kwamba haikuhitaji kujua mita wala mwendo. Ukienda kasi, sekunde mbili zenyewe zinakuwa ndefu barabarani.

Kaka yangu wa boda, najua utasema, “Mimi mwepesi, mimi sisinzii.” Sawa. Omanyala naye ni mwepesi, na kanuni hazimwamini chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Tena yeye anausubiri mlio. Wewe mtoto wa Bamburi humsubiri.

Mita 340 za radi

Sauti hupita hewani kama mita 340 kwa sekunde. Mwanga wa radi hufika kwako papo hapo, ngurumo inakuja nyuma. Kwa hivyo masika yakianza, ukiona mwanga, anza kuhesabu sekunde. Gawa kwa tatu, utapata kilomita. Ukihesabu tisa, radi imepiga kama kilomita tatu kutoka ulipo, ambayo si mbali hata kidogo.

Ushauri unaotumika sehemu nyingi duniani ni huu: ngurumo ikifika kabla hujamaliza sekunde 30, toka uwanjani, toka majini, ingia ndani ya nyumba. Kwa hivyo vijana wa kabumbu msiseme “tumalizie tu dakika za mwisho.” Hesabuni, kisha muamue.

Mita 463 za dunia

Hapa sasa ndipo kuna utamu wa kwetu. Dunia inajizungusha yenyewe, na sisi tulio karibu na ikweta tunasafirishwa nayo mashariki karibu mita 463 kila sekunde. Hatuhisi chochote kwa kuwa kila kitu kinakwenda nasi, pamoja na feri, minazi na bahari.

Lakini jua linatuonyesha. Kutoka ufuo wa Nyali mpaka uwanja wa ndege wa Moi kule Changamwe, ukipima kwenda magharibi, ni kama kilomita 14. Gawa kwa mita 463 na utapata kama sekunde 30. Yaani jua likifika kati ya anga kwa mtu aliyesimama ufuoni Nyali, mwenzake wa uwanja wa ndege anasubiri nusu dakika nzima. Mji mmoja, kaunti moja, jua mbili!

Kenya nzima tunatumia saa ya longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ambayo haipiti hata ndani ya Mombasa. Sisi tuko karibu nyuzi 39 na dakika 40. Ndiyo maana jua letu hufika kati kwa wastani dakika 21 baada ya saa sita, na ndiyo maana adhuhuri Mombasa haiingii saa sita kamili. Wazee wanaotazama kivuli na vijana wanaotazama simu wote wako sawa. Wanapima vitu viwili tofauti.

Hesabu hii ndiyo iliyowaruhusu mabaharia kujua wako wapi. Manahodha wetu wa majahazi walisafiri karne nyingi kwa nyota, kwa upepo wa kaskazi na kusi, na kwa kulijua pwani lao. Wazungu waliotaka kuchora ramani ya kila pwani walihitaji kitu kingine: saa isiyokosea ndani ya meli inayoyumba. Ukijua saa ya kwenu ulikotoka, na ukaona jua la ulipo, tofauti ya saa inakupa umbali wa mashariki na magharibi. Saa ikikosea sekunde moja, karibu na ikweta umekosea mita 463. Ikikosea sekunde nne, umekosea karibu kilomita mbili, na miamba haina huruma.

Bunge la Uingereza liliahidi zawadi ya hadi pauni 20,000 mwaka 1714 kwa atakayeitatua shida hiyo. Aliyeitatua ni fundi aliyeanza kama seremala, John Harrison. Saa yake ya nne ilipelekwa Jamaica mwaka 1761, na baada ya siku 81 ilikuwa imekosea kama sekunde tano tu.

Sasa tazama jina la Port Reitz, pale Changamwe. Linatokana na Luteni John James Reitz, ofisa wa meli za Kapteni William Owen, aliyekuwa akipima pwani za Afrika kwa saa za namna hiyo miaka ya 1820. Owen alifika Mombasa mwaka 1824 na kumwacha Reitz kama mkuu wa Waingereza mjini. Reitz akafa mwaka huo huo. Basi jina analolitaja makanga kila siku ni kumbukumbu ya watu waliokuja na sekunde ndani ya sanduku, na ramani walizochora zilifungua mlango wa mengine mengi, mazuri na mabaya.

Dunia nayo ni saa inayochelewa

Kwa muda mrefu sekunde ilikuwa sehemu moja ya 86,400 ya siku. Zidisha 24 kwa 60 kwa 60, utaipata. Shida ni kwamba siku zenyewe hazilingani.

Nenda Likoni uangalie maji yakijaa na kupwa. Mwezi unavuta bahari, bahari inasuguana na nchi, na msuguano huo unaifanya dunia izunguke polepole zaidi. Ni kidogo sana, siku huongezeka karibu milisekunde mbili kwa karne. Lakini kipimo ni kipimo. Huwezi kupima kitambaa kwa futi ya mpira inayovutika.

Wanasayansi wakaenda kutafuta kitu kisichozeeka, wakakipata ndani ya atomu. Ukipeleka mawimbi ya redio kwenye atomu za madini yanayoitwa siziamu, atomu hizo hubadili hali yake pale tu mawimbi yanapotetemeka idadi fulani kamili kwa sekunde. Yakizidi au kupungua kidogo, hazijibu. Ni kama uzi wa udi unaoitikia sauti moja tu. Louis Essen na Jack Parry walitengeneza saa ya kwanza ya siziamu iliyofanya kazi sawasawa, nchini Uingereza, mwaka 1955. Mwaka 1967 mataifa yakakubaliana: sekunde ni mitetemo 9,192,631,770 ya atomu hiyo. Siziamu ya Nairobi, ya Tokyo na ya London hutoa namba hiyo hiyo. Saa bora za siziamu leo zingehitaji zaidi ya miaka milioni 100 kukosea sekunde moja.

Hapa Kenya, kazi ya kutunza vipimo vya taifa, muda ukiwemo, ni ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), Nairobi.

Na dunia inayochelewa je? Tangu 1972, wataalamu wamekuwa wakiongeza sekunde moja kila dunia ikiachwa nyuma. Zimeongezwa 27. Ya mwisho, kwa saa za Kenya, iliingia alfajiri ya Januari 1, 2017, muda mfupi tu kabla ya saa tisa. Kama ulikuwa macho ukisherehekea mwaka mpya, ulipewa sekunde ya bure. Uliitumiaje? Kompyuta nyingi huchanganyikiwa na sekunde hiyo ya ziada, kwa hivyo mwaka 2022 mataifa yaliamua mtindo huo uachwe kufikia 2035.

Kilomita 300,000

Tumefika mwisho wa mwendo. Mwanga huenda mita 299,792,458 kwa sekunde moja, na hakuna kinachoupita. Kwa sekunde moja ungeizunguka dunia mara saba na nusu.

Namba hiyo ndiyo jibu kamili la swali letu. Tangu 1983 mita yenyewe hupimwa kwa sekunde: mita moja ni umbali ambao mwanga hupita katika sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Futi ya fundi cherehani wa Kongowea na ile ya fundi mwashi wa Changamwe, ukizifuatilia mpaka chimbuko, zinaishia kwenye saa.

Na simu yako? Ukiita teksi au boda kwa programu ya simu, simu inasikiliza setilaiti za GPS zilizo kilomita 20,000 hivi juu. Kila setilaiti ina saa ya atomu na inasema, “Nimetuma ujumbe huu saa fulani kamili.” Simu inalinganisha jumbe kutoka setilaiti nne au zaidi, na kutokana na tofauti za muda inapata umbali, kisha mahali ulipo. Saa ya setilaiti ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali unakosewa mita 300. Ikikosea mara mbili ya hapo, ni mita 600, zaidi ya upana wa maji pale kivukoni. Wewe umesimama Likoni, dereva anaambiwa uko ng'ambo!

Kuna jambo jingine la ajabu. Albert Einstein alionyesha kwamba muda haupiti sawa kila mahali: kasi huuchelewesha, na kuwa mbali na mvuto wa dunia huuharakisha. Ukijumlisha yote, saa za setilaiti huenda mbele ya zetu kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku. Mafundi wasingelirekebisha hilo, kosa lingekuwa zaidi ya kilomita 11 kwa siku moja tu. Uko Likoni, ramani inakuonyesha Bamburi.

Wacheza gemu za mtandaoni nao wanaijua hesabu hii bila kujua. Kebo ya TEAMS, iliyofika Mombasa mwaka 2009, inapita chini ya bahari karibu kilomita 5,000 hadi Fujairah. Ndani ya kioo cha kebo mwanga hupungua kasi, unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda tu ni milisekunde 25, na kurudi 25 nyingine. Kwa hivyo ukipigwa risasi kwenye gemu kabla hujaona adui, usiilaumu simu peke yake. Kuna bahari kati yenu.

Sekunde 60 za mtoto

Turudi Mtongwe.

Baadaye nilimuuliza yule mama kwa nini hakuhesabu sekunde 15 akazidisha. Akacheka. “Mwanangu, mtoto mchanga hapumui kama injini. Anapumua haraka, anatua kidogo, anaanza tena. Ukichukua kipande, unaweza kuchukua kile cha uongo.” Ndivyo ilivyo katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani: hesabu dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi.

Namba zenyewe si ngumu, na nakuomba uzishike. Mtoto mwenye kikohozi au anayepumua kwa shida anahesabiwa anapumua haraka mno kama:

- ana umri chini ya miezi miwili, na anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika;
- ana miezi miwili hadi 11, mara 50 au zaidi;
- ana mwaka mmoja hadi chini ya mitano, mara 40 au zaidi.

Hizo ni dalili za nimonia, ugonjwa unaoua watoto wengi wadogo duniani. Kuna dalili nyingine zisizohitaji saa: kifua kinaingia ndani anapovuta pumzi, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepatwa na degedege, au amelegea hazinduki. Ukiona mojawapo, hakuna kuhesabu, ni hospitali moja kwa moja. Na namba ikiwa ndogo lakini moyo wa mama unakataa, nenda pia.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu 100,000 wa afya ya jamii nchi nzima, na kuwapa vifaa vya kazi. Ukiwa Likoni, Kisauni au Changamwe, huenda mmoja wao anaishi karibu nawe. Mjue nyumba yake kabla hujamhitaji. Mimi nilijua kwa bahati tu, kwa kuwa dada yangu alikuwa amekwishamuuliza.

Usiku ule, simu ilipolia kwamba dakika imetimia, yule mama hakupandisha sauti. Alisema tu, “Hamsini na nane.” Kisha akamfunika mtoto, akamtazama dada. “Mama, hili si la asubuhi. Vaa twende.”

Tukapanda tuktuk. Dada kamkumbatia mwanawe, mimi nimeshika mkoba, yule mama amekaa mbele na dereva akimwambia aende upesi lakini asituue. Hospitali walihesabu tena, dakika nzima, wakapata karibu vile vile. Ilikuwa nimonia. Akaanzishiwa dawa usiku huo huo. Leo anatambaa nyumba nzima na kuvuta nyaya za TV.

Mimi ndiye niliyesema tungoje asubuhi. Sikuwa na ubaya, sikuwa na kipimo tu. Nilikuwa nakisia, na yule mama alikuwa anahesabu.

Saa ya siziamu hatutaimiliki, wala hatuna haja nayo. Kabambe yako ina saa ya kuhesabu sekunde. Leo jioni, nyumbani, ikiwa kuna mtoto mdogo mzima amelala, ifungue na uhesabu pumzi zake kwa dakika moja kamili, ujue zikiwa za kawaida zinakuwaje. Siku zikibadilika, hutahitaji kukisia.